Nilimsingizia Mkwe Wangu Maziwa Kwenye Injini

Ni mwaka ule tuliokula michembe asubuhi, mchana na jioni. Wasukuma wenzangu mnaukumbuka. Mahindi yalinyauka yakiwa yamefika magotini, mpunga haukuonja maji, tukabaki na viazi vyetu vikavu. Tunachemsha, tunatafuna. Tunachemsha, tunatafuna. Ukipata karanga za kutwangia humo, unajiona tajiri! Huo ndio mwaka niliofanya kosa hili, na kosa ni langu peke yangu. Sikulewa. Sikutumwa na shetani. Nilikuwa na akili zangu zote.

Jina langu sitalitaja, na ya wenzangu nimeyabadilisha. Mimi ni bibi wa wajukuu tisa, naishi jirani na Tinde. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo mkiona sentensi imepinda mnivumilie. Lakini ng'ombe nawajua. Maziwa nayajua. Na hapo hapo ndipo nilipoangukia pua.

Nianze na gari.

Mwanangu anachimba dhahabu Geita, kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo. Mwaka mmoja mwamba ulimkubali, akaninunulia pikapu. Kuukuu! Lina umri mkubwa kuliko mke wake. Lakini lilikuwa langu, na kijijini kwetu hakuna bibi mwingine aliyekuwa na gari. Mkwe wangu, mke wake huyo, ndiye alijifunza udereva. Tunamwita Mama Kulwa, maana ana mapacha, Kulwa na Doto. Tukawa tunabeba wanawake na mizigo yao kwenda minadani. Leo Tinde, keshokutwa Kagongwa, siku nyingine mpaka Kishapu. Mbuzi, mikeka, dagaa, chumvi, vyote nyuma. Mimi nakaa mbele na kitenge kipya, mkono umetoka dirishani. Watu wanasema, "Yule bibi anapita!" Nami najifanya sijasikia.

Mama Kulwa alikuwa msichana mzuri. Hana maneno. Siku alipoingia kwangu nilimkabidhi vibuyu vya maziwa. Kwenye boma langu hilo si jambo dogo. Anayeshika vibuyu ndiye anayejua nani kanywa na nani bado, ndiye mwenye nyumba hata kama mwenye nyumba yupo. Kumpokonya mwanamke vibuyu ni kumvua nguo barabarani.

Alikuwa na ombi moja tu. Aende Geita akakae na mumewe. Aliniomba mara mbili, nami mara zote mbili nikamjibu, "Na gari litaendeshwa na nani?" Hakuomba tena. Lakini mimi lile ombi nililiweka kichwani kama mtu aliyeweka jiwe mfukoni.

Basi, mwaka huo wa michembe, gari likaanza vituko.

Akaja kuniambia, "Mayu, gari linakunywa maji." Mayu ndivyo alivyoniita, yaani mama.

"Linavuja?"

"Halivuji. Nimetandika boksi chini tangu jana, boksi kavu kabisa. Lakini rejeta nikiifungua, maji yameshuka. Na asubuhi linatoa moshi mweupe."

"Moshi mweupe ndio mzuri," nikamwambia. "Ungekuwa mweusi ndio tungeogopa."

Ndivyo nilivyosema! Mimi, darasa la tatu, fundi wa magari!

Wiki haikuisha. Ilikuwa asubuhi ya kwenda mnadani, wanawake wameshafika uani na mizigo yao, wamekaa juu ya viroba wanasubiri. Mama Kulwa akafungua boneti apime oili. Nikamsikia ananiita, sauti ya chini, "Mayu, njoo uone."

Nikaenda. Kwenye kile kifuniko cha kutilia oili, upande wa ndani, kumeganda kitu cheupe chenye unjano kidogo, kizito, laini. Akachomoa na ile stiki ya kupimia. Badala ya oili, chai ya maziwa!

Nikachovya kidole. Nikasugua. Wewe unayesoma, mimi nimetikisa maziwa kwenye kibuyu tangu sijaota matiti. Siagi inapokaribia kujitenga, povu linavyoshika ukingo wa kibuyu, najua kwa kidole hata ukinifumba macho. Na kile kidole kiliniambia, maziwa haya.

Mama Shija, muuza dagaa, mwanamke mnene mwenye mdomo, akanyoosha shingo kutoka kwenye kiroba chake. "Mama, gari limezaa nini? Mbona linanyonyesha?"

Wakacheka wote. Na kicheko kile kikanichoma. Walikuwa wanalicheka gari langu!

Nikamgeukia mkwe wangu. "Nani alikamua jana jioni?"

"Mimi, mayu."

"Na kibuyu mbona kimepungua?"

"Ng'ombe wanakauka, mayu. Wanakula vumbi."

"Ng'ombe wanakauka, injini inanenepa! Umelimwagia gari maziwa life, upate njia ya kwenda kwa mumeo! Watoto wanatafuna michembe mikavu, wewe unanywesha chuma!"

Hata Mama Shija alifunga mdomo, na huyo hafungi. Mama Kulwa akapiga magoti, kifuniko bado kipo mkononi. "Mayu, ningeyatoa wapi hayo maziwa?"

Niliingia jikoni kwake, nikachukua vibuyu vyote, kimoja kimoja, nikavipeleka chumbani kwangu. Nilipita navyo katikati ya wanawake makusudi, waone.

Mchana ule ule akaja fundi kutoka Kagongwa. Mkwe wangu ndiye alimpigia simu. Nimwite Fundi Saidi. Mtu mzima, ameshatengeneza sana mapampu ya kutolea maji kwenye mashimo ya Geita kabla hajafungua gereji yake. Alinipa shikamoo, akanawa mikono, ndipo akaligusa gari. Hakuwa na haraka.

Akatazama kifuniko. "Hiki peke yake hakitoshi kuhukumu, mama. Gari la safari fupifupi hutoa jasho ndani, likaganda hapa." Halafu akachomoa stiki, uso ukabadilika. Akafungua mfuniko wa rejeta, akaniambia nisogee nitazame, akawasha kidogo tu. Maji bado ya baridi, lakini yanatoa mapovu kama uji jikoni! Akazima haraka. Akafungua plagi zote nne, akazipanga juu ya gunia. Tatu nyeusi kwa masizi. Ya nne nyeupe, safi, kama imelambwa na ndama.

"Silinda ya hii inaoga," akasema. "Gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na mwili wake, imeungua, au hedi yenyewe imepinda kwa joto. Maji ya rejeta yanapita, mengine yanaingia kwenye silinda yanatoka na moshi, mengine yanashuka kwenye oili. Ndiyo maana chini pakavu. Msiliwashe tena. Oili yenye maji haishiki chuma. Vyuma vitasagana."

"Na haya maziwa?"

"Siyo maziwa, mama. Ni maji na oili, injini imevitikisa pamoja. Si unajua ukitikisa..."

"Usinifundishe kutikisa!"

Akacheka kidogo. Hakuwa na dharau. Akamwomba Mama Kulwa makopo mawili. Akalegeza nati ya chini ya injini, akakinga kile kitu kwenye kopo moja. Lile jingine akaniambia nitie maziwa ya asubuhi. "Mama, mimi sibishani na wewe kwenye maziwa, unanishinda. Yaweke yote kivulini siku tatu. Yakichacha yote mawili, narudi hapa kukuomba radhi. Likichacha moja, utajua mwenyewe."

Mama Kulwa alikuwa amesimama mlangoni, anasikia.

Siku ya tatu ikafika. Nikainama kwenye yale makopo.

La maziwa lilikuwa limekatika, linanuka, nzi wamejaa ukingoni. La pili halina nzi hata mmoja. Halina harufu ya kuchacha. Linanuka oili, basi. Na chini yake kulikuwa na maji kidogo yameanza kujitenga, unayaona ukiliinamisha kopo. Nikanusa tena. Nikanusa mara ya tatu.

Nilijua pale pale! Hakuna mtu wa kunidanganya kwamba kuna maziwa yanayokaa siku tatu kwenye joto la Shinyanga yasichache. Mtoto mdogo wa boma lolote anajua.

Mama Kulwa alikuwa anafagia uwanja. Akasimama, fagio mkononi. Hakunisogelea, alikuwa na heshima zake. Akauliza kutoka pale pale, "Mayu, kopo linasemaje?"

Wewe unayenisoma, hapa ndipo penye kosa langu. Kule nyuma nilikosea tu, na kukosea ni kukosea. Hapa nilichagua.

Nikamjibu, "Limechacha."

Nikayamwaga yote mawili kwenye shimo la majivu, nikafukia kwa mguu asije akanusa.

Alinitazama. Aliuona ule mguu unafukia. Akasema, "Haya, mayu." Akaendelea kufagia, akamaliza uwanja wote mpaka kwenye zizi.

Kwa nini nilidanganya? Nimejiuliza mpaka nimechoka. Ni kwa sababu ya wale wanawake. Nilimvunjia heshima mbele yao, sasa nisimame mbele ya hao hao niseme bibi mwenye gari, bibi anayejua maziwa, ameshindwa kutofautisha maziwa na maji? Nilimwonea haya Mama Shija kuliko nilivyomhurumia mtoto wa watu. Ndiyo hiyo sababu. Haina sababu nyingine nzuri nyuma yake.

Kesho yake asubuhi Mama Kulwa alikuja na mapacha wamevaa viatu. Akapiga magoti, akanisalimia vizuri kabisa, "Mwangaluka, mayu." Nikaitikia. Akaweka ufunguo wa gari juu ya kigoda. Akachukua begi na watoto, akatembea mpaka barabarani kungoja basi la Geita. Kulwa aligeuka akanipungia mkono. Doto hakugeuka.

Sikumfuata. Nilisema moyoni, atarudi hasira zikimwisha.

Na kiburi kilikuwa bado kinanidai! Nikasema nitawaonyesha kwamba ni maziwa tu, yakimwagwa gari linapona. Nikatafuta dereva wa kituoni, akatoa ile oili, akatia mpya. Alisita. "Bibi, hii oili mbona kama ina maji?" Nikamwambia, "Wewe umeitwa kuendesha." Akafunga boneti, alikuwa anataka kibarua chake cha siku.

Tukapakia wanawake, tukashika njia ya Kagongwa. Nilikaa mbele kama kawaida. Mshale wa joto nikauona unapanda, nikajifanya natazama mashamba. Halafu injini ikaanza kugonga. Kwanza kwa mbali, kama jirani anatwanga kisamvu. Halafu karibu. Halafu kama kinu kiko mapajani mwangu. Kisha ikatoa mlio mmoja wa chuma, gari likasimama. Kimya!

Wanawake wakashuka na mbuzi zao juani, hakuna kivuli, hakuna gari linalopita. Mama Shija akashusha kiroba chake cha dagaa, akanitazama. "Mama, maziwa yameisha?"

Safari hii hakucheka mtu.

Fundi Saidi ndiye alikuja kutuvuta kwa kamba. Siku alipoifungua injini aliniita nione. Beringi zimeyeyuka, shafti imechimbika mistari kama shamba lililolimwa. Hedi aliiwekea rula ya chuma, akanionyesha mwanga unapita chini yake. Imepinda, kama alivyosema. Hakuniringia. "Ilikuwa gasketi na kuinyoosha hii hedi, mama. Sasa ni injini nzima, na ya gari hili haipatikani."

Akapangusa mikono kwa kitambaa. "Kopo lilisemaje?"

Nilitaka kusema limechacha. Neno lilikuwa tayari mdomoni, limeshazoea. Likakataa kutoka.

"Halikuchacha," nikasema.

Akageuka akaanza kukusanya spana zake.

Tangu siku hiyo nimechoka, ndugu zangu. Siyo uchovu wa jembe, ule ukilala unaisha. Gari liko pale uani, kuku wanatagia kwenye kiti nilichokuwa nakalia. Mvua zilirudi, ng'ombe wakapona, maziwa yakarudi. Navishika vibuyu mwenyewe sasa. Natikisa, namimina, natazama hakuna mtoto wa kumwita anywe. Nyumba imekuwa pana!

Mwanangu alipiga simu. Hakufoka. "Mama, ulijua?" Nikasema nilijua. Akasema, "Sawa, mama." Simu ikakatika. Ningeona afadhali anitukane.

Nikajikaza, nikaenda mnadani kwa miguu, nikawakuta wale wanawake wamepanga bidhaa zao. Nikawaambia wote, nimesimama. Yalikuwa maji. Mama Kulwa hakufanya kitu. Nililijua kopo, nikadanganya. Mama Shija alikuwa anapima dagaa. Akaacha. "Wewe mama, ungetuambia siku ile ile tungecheka tukasahau. Mimi mwenyewe ningekuwa wa kwanza kucheka na wa kwanza kusahau."

Kumbe ndicho nilichokuwa nakiogopa! Kicheko cha asubuhi moja!

Wenye magari makuukuu, nisikieni. Maji ya rejeta yakipungua na chini pakavu, msiseme ni joto. Oili ikiwa kama chai ya maziwa, zima, na msimsikilize bibi yeyote anayejua maziwa. Itieni kwenye kopo, mwiteni fundi. Na nyie wenye wakwe, hasa nyie wenzangu wazee tulioheshimiwa tukazoea, siku ukigundua umemsingizia mtu, sema siku hiyo hiyo, kabla hata hujanawa uso. Kila siku unayolala na kosa hilo, linakuwa zito kuliko jana. Mimi nililala na langu mpaka likaua injini na likahamisha watoto.

Mtauliza kama nilimfuata. Nilimfuata.

Nilimkuta Geita, ana banda lake la mabati karibu na maduara, anawapikia wachimbaji. Wamekaa kwenye mabenchi wamejaa vumbi la mawe mpaka kwenye kope, wanakula ugali na dagaa. Alinipa shikamoo, akanitolea kiti, akanipa maji ya kunywa. Mapacha walikuwa shuleni, mwanangu alikuwa shimoni, zamu ya mpaka usiku. Nikaweka bilauri chini, nikapiga magoti. Mimi, mbele yake!

Wachimbaji wakaacha kula. Mmoja akasema, "Bibi, inuka, unachafuka." Mwingine akamwambia, "Wewe kula, ya wanawake hayo."

Nikasema kwa sauti, wote wasikie. "Kopo halikuchacha. Nilinusa mara tatu nikajua. Nilikudanganya, na nilikufukuza kwa uongo."

Akaniinua kwa mikono miwili. Mikono yake ilikuwa na unga. Nikamwambia, rudi nyumbani. Nitakukabidhi kila kitu, zizi na nyumba, mimi nitakaa pembeni.

Akasema, "Nimekusamehe, mayu. Lakini sirudi."

Nilikula chakula chake. Mapacha walirudi, Kulwa akanikalia mapajani, Doto akasimama mbali kidogo ananitazama viatu. Jioni jua likiwa bado lipo, Mama Kulwa alinisindikiza mpaka kituo cha basi, amenibebea mfuko, anatembea nyuma yangu hatua moja kama zamani. Nikajiambia, labda pale alikataa kwa sababu ya wale wachimbaji. Labda sasa tuko wawili. Mguu mmoja ukiwa tayari kwenye ngazi ya basi, nikamgeukia nikamwomba tena.

Akanikabidhi mfuko wangu, akanishika mkono. Wala hakukunja uso.

"Nimekusamehe, mayu. Lakini sirudi."